Mfumo Unasema Nina Deni la Serikali: Nimpinge Nani?

*Swali: Kwa miaka minne nilikuwa nikipokea ruzuku ya serikali ya kulea watoto, huku nikifanya kazi za kibarua kila zilipopatikana. Wiki mbili zilizopita nimepata barua inayosema kwamba nililipwa kupita kiasi, na kwamba nirudishe fedha zote ndani ya siku 28. Barua haielezi kiasi hicho kimepatikanaje. Nilipokwenda ofisini, afisa alinigeuzia skrini nione tarakimu, akasema, "Mfumo ndio unaosema hivyo, sisi hatuwezi kubadilisha kitu." Sikumbuki kudanganya popote. Lakini kompyuta haina sababu ya kunionea, kwa hiyo nimeanza kujitilia shaka mwenyewe. Je, nilipe tu ili yaishe? Na nikikataa, nampinga nani, wakati hakuna mtu aliyeamua?*

Ndugu msomaji, ndani ya barua yako kuna maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na ni vizuri tuyatenganishe. La kwanza ni la hesabu: je, ni kweli ulilipwa zaidi ya haki yako? La pili ni la mamlaka: ikiwa kila afisa unayemkabili anasema si yeye aliyeamua, ni nani basi anayewajibika kukujibu? Nitaanza na hili la pili, kwa sababu naona ndilo lililokuvunja moyo, na kwa sababu jibu lake ni fupi kuliko unavyodhani. Wapo watu walioamua. Yupo aliyeamua kwamba orodha ya wanaolipwa ruzuku ilinganishwe na orodha nyingine, pengine ya kodi au ya mishahara. Yupo aliyeamua kwamba orodha hizo zikitofautiana, ya pili ndiyo iaminiwe. Yupo aliyepanga tofauti ya kiasi gani ihesabiwe kuwa deni, yupo aliyeidhinisha barua zitoke bila afisa yeyote kulifungua jalada lako, na yupo aliyeona inafaa kwamba kazi ya kuthibitisha iwe yako badala ya kuwa ya serikali. Hayo yote ni maamuzi ya kiutawala, yamefanywa na watu wenye vyeo na saini, na yanapingika kama uamuzi mwingine wowote wa serikali. Kompyuta imeyatekeleza tu.

Wewe umekwisha kwenda ofisini na deni limeonekana kwenye kumbukumbu zao, kwa hiyo barua yako si ya kughushi. Nalitaja hili kwa ajili ya wasomaji wengine, maana matapeli nao wamejifunza kuandika barua na ujumbe wa simu wenye nembo ya serikali. Deni lolote linalodaiwa kwa ujumbe wenye kiungo cha kubonyeza au namba ya kutuma fedha lithibitishwe kwanza kwa njia ambayo mdaiwa anaijua mwenyewe, si kwa namba iliyomo ndani ya ujumbe huo.

Sasa tuje kwenye hilo la kujitilia shaka. Unasema kompyuta haina sababu ya kukuonea, na ni kweli kwamba haina kisasi wala undugu na mtu. Mimi si miongoni mwa wanaousifia wakati wa majalada ya karatasi kana kwamba ulikuwa wakati wa haki. Yalikuwapo majalada yaliyopotea kwa makusudi, na walikuwapo makarani ambao hawakuliona jalada mpaka waone kitu mkononi. Malipo yanayopitia kwenye mfumo yamewaokoa wengi na adha hiyo. Hata hivyo, kukosa nia mbaya si sawa na kuwa sahihi. Kompyuta hujumlisha na kutoa bila kukosea. Swali ni imepewa nini ijumlishe, na imeambiwa jumla hiyo ina maana gani. Wala usidhani kwamba nyuma ya barua yako lazima iwepo akili mnemba yenye maarifa yasiyofikiwa na binadamu. Mara nyingi ni jambo la kawaida kabisa: orodha mbili zimewekwa sambamba, tarakimu ya huku imetolewa kwenye tarakimu ya kule, na tofauti imechapishwa kwenye barua. Hesabu ya namna hiyo unaweza kuirudia mwenyewe kwa kalamu na karatasi, mradi upewe tarakimu zilizotumika.

Makosa huingia kwa njia kadhaa. Ile iliyo rahisi kueleweka ni ya utambulisho: jina limeandikwa kwa tahajia mbili katika ofisi mbili, namba ya kitambulisho imekosewa tarakimu moja, au watu wawili wenye majina na tarehe ya kuzaliwa zinazofanana wamehesabiwa kuwa mtu mmoja. Ukikuta katika taarifa zako mwajiri usiyemjua, huenda tatizo ni hilo, na kwa kawaida hurekebishika bila vita.

Njia ya pili ni ya wakati, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwako, kwa sababu unafanya kazi za kibarua. Tuseme katika mwaka mmoja ulifanya kazi miezi sita, ukalipwa 1,200 kila mwezi, na miezi sita iliyobaki hukupata kitu. Tuseme pia masharti ya ruzuku yanasema kwamba anayestahili ni yule ambaye kipato chake cha mwezi kiko chini ya 500. Ukiwa mwaminifu, katika miezi ya kazi ulitoa taarifa ya kipato chako na hukulipwa ruzuku, na katika miezi ya ukosefu ulilipwa kwa haki. Lakini orodha ya kodi haijui habari za miezi. Inajua tu kwamba mwaka ule ulipata 7,200. Mfumo ukigawanya kiasi hicho kwa 12 unapata 600 kwa kila mwezi, na kwa mahesabu hayo unaonekana kuwa mtu aliyekuwa akipata 600 katika miezi yote, kutia ndani ile sita ambayo hukuwa na kazi, na kwamba kila ruzuku uliyolipwa haikuwa haki yako. Kugawanya kumefanyika sawasawa. Kilichokosewa ni kudhani kwamba maisha ya kibarua yanagawanyika sawasawa.

Huo si mfano wa kubuni tu. Nchini Australia, kuanzia mwaka 2016, serikali ilitumia utaratibu uliokuja kujulikana kama Robodebt, uliochukua kipato cha mwaka kutoka kwenye kumbukumbu za kodi na kukisambaza sawasawa katika vipindi 26 vya wiki mbili mbili, kisha ukalinganisha wastani huo na kile ambacho watu walikuwa wameripoti walipokuwa wakipokea msaada wa serikali. Aliyeshindwa kuleta salari slipu za miaka ya nyuma alibaki na deni lililokokotolewa kwa wastani. Waliokuwa na ajira ya kudumu yenye mshahara uleule hawakuguswa sana. Walioumia ni wanafunzi, vibarua na wagonjwa waliokuwa wakiingia na kutoka kazini. Mwezi wa Novemba mwaka 2019, katika kesi ya mdaiwa mmoja, serikali yenyewe ilikubali mbele ya Mahakama ya Shirikisho kwamba deni lililotokana na wastani wa namna hiyo halikuwa na msingi wa kisheria. Mwaka uliofuata ikatangaza kurudisha fedha za madeni yapatayo 470,000. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Catherine Holmes ilitoa ripoti yake Julai 2023 na kuulaani utaratibu mzima kuwa wa kikatili, usio wa haki wala halali.

Katika habari za Robodebt kuna mambo mawili yanayokuhusu moja kwa moja. Kwanza, kosa halikuwa la mashine iliyoharibika. Tangu mwaka 2014, kabla mfumo haujaanza kazi, wanasheria wa ndani ya serikali walikuwa wameonya kwamba kutumia wastani namna hiyo kusingeruhusiwa na sheria iliyokuwapo. Onyo lilikuwapo, na watu wakaamua kuendelea. Pili, tangu mwaka 2017 wapo waliokata rufaa mmoja mmoja mbele ya baraza la rufaa za kiutawala na kushinda, lakini idara husika haikuupinga ushindi wao mbele zaidi, na maamuzi ya ngazi ile hayakuwa yakichapishwa. Matokeo yake, aliyekata rufaa alifutiwa deni, na jirani yake aliyenyamaza akaendelea kulipa deni la aina ileile. Kwa mtu aliye katika hali yako, nalihesabu hili kuwa fundisho kubwa kuliko yote: kwa muda mrefu mfumo ule ulidumu kwa sababu walioupinga walikuwa wachache, wala si kwa sababu walioupinga walishindwa.

Njia ya tatu ni ya kupimwa kwa hatari. Baadhi ya serikali hazimpelelezi kila mtu. Huipa kompyuta kazi ya kumpa kila mpokeaji alama, na wenye alama za juu huchunguzwa au husimamishiwa malipo. Hapa watu wengi, maafisa wakiwemo, hukosea kuelewa maana ya alama hizo, kwa hiyo niruhusu nitumie tarakimu za mfano. Chukua wapokeaji 100,000, na tuseme 1,000 kati yao kweli wanadanganya. Mfumo ni hodari: unawatambua wadanganyifu 90 katika kila 100, na unawashuku kimakosa waaminifu 5 tu katika kila 100. Ukisikia hivyo unaona ni mfumo mzuri. Lakini 90 katika kila 100 ya wadanganyifu 1,000 ni watu 900, na 5 katika kila 100 ya waaminifu 99,000 ni watu 4,950. Barua zitakazotoka ni 5,850, na katika hizo ni 900 pekee zinazomfikia mwenye kosa. Yaani kati ya kila watu sita wanaopokea barua, wenye kosa hawafiki hata mmoja kamili. Kushukiwa na mfumo ni sababu ya kuulizwa swali, basi. Si ushahidi.

Uholanzi ndiko hili lilikoleta maafa makubwa. Mamlaka ya kodi ya nchi hiyo, iliyokuwa ikisimamia ruzuku ya malezi ya watoto, ilitumia kipimo cha hatari ambacho miongoni mwa vigezo vyake ni kama mwombaji alikuwa raia wa Uholanzi au la, na sheria ikasomwa kwa ukali kiasi kwamba kosa dogo la karatasi, kama saini iliyokosekana au mchango mdogo usiolipwa, lilimfanya mzazi adaiwe ruzuku yote ya mwaka. Maelfu ya familia zilizama katika madeni, na serikali ya waziri mkuu Mark Rutte ikajiuzulu Januari 2021 kwa sababu hiyo. Nakutajia pia sehemu isiyopendeza: chombo cha juu kabisa cha rufaa za kiutawala nchini humo kiliukubali usomaji huo mkali wa sheria kwa miaka mingi, hadi kilipobadilisha msimamo mwaka 2019. Sitaki uondoke hapa ukiamini kwamba kila anayekata rufaa kwa haki hushinda papo hapo.

Nirudi kwa yule afisa aliyekugeuzia skrini. Huenda hakukudanganya. Mara nyingi afisa wa dirishani amepewa ruhusa ya kusoma tu, na kitufe cha kurekebisha hakipo kabisa kwenye skrini yake. Ila hiyo haina maana kwamba hakipo popote. Yupo mtu au kitengo chenye ruhusa hiyo, na kazi yako ni kumwondoa afisa huyo katikati kwa upole na kulifikisha suala lako kwa mwenye ruhusa. Ukimgombeza utaharibu, kwa sababu huenda naye amechoka kuulizwa maswali ambayo hakupewa majibu yake. Mwulize maswali yanayojibika: ni kitengo gani kinachopokea maombi ya mapitio, fomu yake ni ipi, na je, anaweza kugonga muhuri wa tarehe kwenye nakala ya barua yako.

Msemo wa "mfumo ndio unaosema" umewahi kuharibu maisha ya watu waliokuwa na uwezo na heshima katika jamii. Nchini Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, mamia ya wasimamizi wa matawi ya posta walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu kwa sababu mfumo wa hesabu uitwao Horizon ulionyesha upungufu wa fedha katika matawi yao. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Sheria ya mwaka 1999 ilikuwa imeondoa sharti la kuthibitisha kwanza kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi vizuri kabla maelezo yake hayajapokelewa kama ushahidi, na hivyo mzigo ukawaangukia watu ambao hawakuwa na njia yoyote ya kuona ndani ya mfumo. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzaa upungufu wa uongo, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba hakuna mwingine aliyelalamika, usilichukue kama jambo lililothibitishwa.

Tuje sasa kwenye la kufanya. Ombi lako la kwanza, na ulifanye wiki hii kwa maandishi, ni kuonyeshwa hesabu. Usianze kwa kujitetea wala kueleza historia ya maisha yako. Anza kwa kuuliza. Andika kwamba unalipinga deni na unaomba mapitio, kisha uulize deni limetokana na kulinganishwa kwa kumbukumbu zipi. Kwa kila mwezi au kila kipindi cha malipo, mfumo ulikuhesabia kipato cha kiasi gani na kilitoka wapi. Ni kifungu gani cha sheria au kanuni kinachosema kwamba hukustahili. Na je, kuna afisa aliyelipitia jalada kabla barua haijatoka, na ni nani. Omba pia kwamba makato yasianze mpaka ujibiwe. Ukipewa tarakimu moja tu ya mwaka mzima, iliyogawanywa sawasawa, utakuwa umekwisha kulipata kosa kabla hujafika mbali.

Katika nchi nyingi ombi hilo lina nguvu ya sheria nyuma yake. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, inampa mtu haki ya kupata nakala ya taarifa zake, na katika kifungu cha 22 inamlinda dhidi ya maamuzi mazito yanayofanywa na mashine peke yake. Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliongeza jambo muhimu: hata alama tu inayotolewa na kompyuta inaweza kuhesabiwa kuwa uamuzi, ikiwa anayeitumia anaitegemea kwa kiasi kikubwa. Hilo linaziba mwanya wa kuweka binadamu anayebonyeza kitufe cha kukubali bila kusoma. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ina kinga ya namna hiyo katika kifungu cha 35, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo inagusa maamuzi yanayofanywa kwa mitambo. Kila sheria ina mipaka na misamaha yake, na mara nyingi serikali hujiwekea misamaha hiyo kwanza. Hata pale ambapo sheria ya taarifa binafsi haipo kabisa, kanuni ya kale ya utawala inabaki: anayechukua uamuzi unaomwumiza mtu sharti atoe sababu na amsikilize. Itumie.

Wakati unasubiri jibu, fanya hesabu yako mwenyewe. Kusanya taarifa za benki au za fedha za simu, salari slipu zilizobaki, ujumbe wa waajiri wa kukuita kazini, na nakala za taarifa ulizowasilisha. Panga kila mwezi peke yake: nilifanya kazi kwa nani, nililipwa kiasi gani, niliripoti kiasi gani, ruzuku iliyoingia ni kiasi gani. Kazi hii inachosha, na ni haki ukikasirika kwamba umeachiwa wewe, lakini ndiyo itakayokupa usingizi. Uifanye ukiwa tayari kukubali jibu lolote litakalotoka. Inawezekana kabisa kwamba katika mwezi mmoja au miwili ulilipwa kimakosa, au ulichelewa kuripoti. Mifumo hii haikosei kila mara, na anayepinga deni lote wakati sehemu yake ni ya kweli huonekana mwongo hata pale anaposema kweli. Ukikuta sehemu ni sahihi, ikubali sehemu hiyo kwa maandishi na upinge iliyobaki.

Umeuliza kama ulipe tu ili yaishe. Sikatai kwamba yapo mazingira ambapo kulipa ni busara, hasa kama kiasi ni kidogo, hesabu umeiona na umeridhika nayo. Lakini kulipa deni usiloonyeshwa hesabu yake kuna gharama ambazo hazimo kwenye barua. Mahali pengine kulipa huchukuliwa kama kukiri. Rekodi ya kwamba uliwahi kulipwa isivyo halali inaweza kukaa kwenye jina lako, na kama ofisi nyingine hutumia rekodi hizo kupima hatari, utashukiwa tena. Ikiwa unalazimika kulipa ili kuzuia riba au makato, andika waziwazi kwamba unalipa huku ukiendelea kulipinga deni, na uhifadhi stakabadhi.

Mapitio ya ndani ya ofisi ndiyo mlango wa kwanza: kwa kawaida hayagharimu kitu na hayahitaji wakili. Udhaifu wake ni kwamba anayepitia anaweza kuangalia skrini ileile na kukupa jibu lilelile, ndiyo maana nimesisitiza uulize maswali ambayo skrini pekee haiwezi kuyajibu. Rufaa kwenye baraza au mahakama ina nguvu zaidi, ila ina taratibu, gharama, na siku zisizosamehewa. Tume zinazopokea malalamiko dhidi ya serikali, pamoja na mamlaka za ulinzi wa taarifa, zinaweza kuingia ndani ya mfumo na kukagua mahali ambapo wewe huwezi kufika, lakini huenda polepole, na kulalamika kwao kwa kawaida hakusimamishi muda wa rufaa. Hapo ndipo watu wengi huteleza: wanaandika malalamiko, wanangoja kwa matumaini, na siku za rufaa zinapita. Hesabu leo siku zilizobaki katika zile 28. Kama hazitoshi, omba kuongezewa muda, na sababu yako itakuwa nzuri: huwezi kukatia rufaa hesabu ambayo hujaonyeshwa.

Usinyamaze, hata kama nguvu zimekuishia. Katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mfumo wa mafao ya wasio na kazi uliotumika kuanzia mwaka 2013 hadi 2015 uliwatumia watu maswali kwenye akaunti za mtandaoni ambazo wengi walikuwa wameacha kuzifungua. Kukaa kimya kukahesabiwa kuwa udanganyifu, na faini zikawekwa bila mtu kusoma jalada. Jimbo lilipokuja kupitia upya zaidi ya kesi 22,000 ambazo kompyuta ilikuwa imeziamua peke yake, lilikuta kwamba katika asilimia 93 hapakuwa na udanganyifu wowote. Kama una akaunti yoyote ya zamani kwenye tovuti ya ofisi hiyo, ifungue, na hakikisha anwani na namba yako ya simu ni za sasa.

Hadi hapa nimeeleza mambo unayoweza kuyafanya mwenyewe. Lakini tafuta mtu wa kukaa naye uso kwa uso, wakili au kituo cha msaada wa kisheria, ikiwa barua yoyote itataja udanganyifu, jinai au mahojiano. Usihudhurie mahojiano ya namna hiyo peke yako, na usitie saini maelezo ambayo hujayasoma mbele ya mshauri wako. Fanya hivyo pia ikiwa makato yameanza na yanakula fedha ya chakula au kodi ya nyumba, au ikiwa siku za rufaa zimebaki chache. Uliza kituo hicho kama wamepokea kesi nyingine zenye barua kama yako. Wakiwa nazo nyingi, kuziunganisha kunaweza kuibadilisha kanuni yenyewe, jambo ambalo rufaa ya mtu mmoja hufanikiwa kwa nadra. Na kama deni hili limeanza kukunyima hamu ya kuishi, usilibebe kama siri ya aibu. Tume ya Australia ilisikiliza familia za watu waliojitoa uhai wakiwa wanadaiwa na mfumo ule. Mwambie daktari, kiongozi wa dini au mtu unayemwamini, leo, kabla ya barua yoyote kuandikwa.

Jambo la mwisho ni la baada ya kushinda, maana hapo watu hupumua na kusahau. Deni likifutwa, omba barua inayosema hivyo, yenye tarehe, namba ya jalada na saini. Omba pia ithibitishwe kwamba taarifa iliyosababisha kosa imerekebishwa kwenye chanzo chake, na kwamba ofisi nyingine zilizopewa nakala ya deni hilo, kama ya kodi au ya kumbukumbu za mikopo, zimearifiwa. Ofisi inaweza kulifuta deni kwenye skrini moja huku tarakimu mbovu ikibaki palepale ilipochukuliwa, na zoezi la kulinganisha orodha likirudiwa mwaka ujao, barua mpya itatoka bila mtu yeyote kukumbuka ile ya zamani. Siku hiyo utahitaji karatasi ya kuonyesha, kwa hiyo tunza nakala nyumbani na nyingine kwenye simu.